Ukungu wa Picha ya Saba

Picha ya saba ilikuwa na ukungu, na ukungu wenyewe ulikuwa upande wa ndani wa kioo.

Mama Chiriku aliufuta mara tatu. Kitambaa kilitoka kikavu. Miaka tisa ya kusafisha ukumbi ule ilikuwa imemfundisha kila aina ya uchafu wa kioo, lakini huu hakuujua. Ulitanda, ukapungua, ukatanda tena, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Ukutani zilitundikwa picha kumi na mbili zilizofika fainali ya tuzo, na mshindi angetangazwa mchana. Ya saba ilionyesha ukumbi mrefu wa nyumba iliyohamwa, milango imefungwa kushoto na kulia, wa mwisho tu ukiwa wazi. Mpiga picha mwenyewe alijisifu siku ya kutundika: majirani walimsihi asiingie, wakamwambia nyumba ina wenyewe, naye akavunja kufuli.

"Mama, nipe simu," alisema Chiriku. Alikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, wa kumwachia hakuna. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

"Sema tafadhali."

"Nipe bwana!"

"Nimechoka na wewe. Leo bila tafadhali, hata uite koo likauke, sikuitikii."

Mtoto akanuna, akasogea kwenye picha ya saba. "Mbona huyu naye hasemi tafadhali? Ananiambia njoo tu."

"Nani?"

"Wa mlango wa mwisho."

Mgongo ulimuuma Mama Chiriku, na vioo vitano vilibaki. "Acha hadithi zako. Nenda kakae na Kipara huko nje."

Kipara alikuwa mlinzi. Mama Chiriku akainamia ndoo, akasikia ndala za mwanawe zikienda, pata, pata, pata. Baadaye ndipo alipokumbuka kwamba hakusikia mlango ukifunguliwa.

Kwanza ilikuja harufu: vumbi la miaka, na majivu yaliyolowa. Akaenda kufungua mlango apate hewa. Kitasa kilizunguka bure. Akausukuma kwa bega, akaupiga teke. Mwanga wa asubuhi ulionekana chini ya mlango, watu walipita barabarani wakicheka, na hakuna aliyemsikia.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma yake, ukutani.

"Mama, tafadhali nitoe."

Hapohapo mlango ukagongwa kwa nje. "Mama! Fungua bwana! Unafanya nini humo?"

Akasimama katikati, ndoo mkononi, sauti ileile mbele na sauti ileile nyuma, ya ukutani ikilia polepole tafadhali mama, tafadhali, nimesema tafadhali, ya mlangoni ikipiga kelele na kugonga kwa ngumi, na kadiri alivyosikiliza ndivyo ukumbi ulivyozidi kurefuka na kuta kumsogelea na ile harufu kumjaa kooni, mpaka akatamani kucheka kwa hofu, maana jibu lilikuwa wazi: mwanawe hakuwahi kutamka neno hilo tangu azaliwe.

"Wangu hana adabu," alinong'ona. "Umekosea, shetani we."

Akachukua kitambaa kilicholowa ndooni, akafumba macho, akaifunika picha. Kilio kikawa chembamba, kama cha mtu aliyezibwa mdomo. Mlango ukafunguka wenyewe.

Chiriku alikuwa nje, amenuna vilevile. Kiti cha Kipara kilikuwa kitupu. Mama alimkamata mwanawe mkono, wakatoka mbio, aproni na ndoo shauri yao.

Mtaa wa tatu walisimama mbele ya duka la viatu, avute pumzi. Simu ikalia.

"Mama Chiriku, uko wapi?" Kipara alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye naye chumbani. "Nilikwenda msalani mara moja tu. Mbona umemwacha mtoto?"

"Mtoto ninaye hapa."

"Analia humu ukumbini, mama. Namtafuta simwoni. Anasema atakuwa na adabu. Anasema... tafadhali, tafadhali, hanyamazi."

Mama Chiriku akageuka taratibu. Mtoto alikuwa amebandika pua na mdomo wazi kwenye kioo cha duka, anatazama viatu. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na mama aliiona pumzi yake mwenyewe hewani. Kioo mbele ya mdomo wa mtoto kilikuwa safi, hakina hata tone la ukungu.

"Kata simu bwana," alisema mtoto bila kugeuka. "Twende nyumbani."

Mama Chiriku akajaribu kuchomoa mkono wake kwenye kiganja cha mtoto. Haukuchomoka.