Masharti Ambayo Haraka Hakuyasoma

Foleni ya majaribio ilikuwa na majina sita jana yake. Jumanne asubuhi yalikuwa matano, na ofisi nzima hakuna aliyekuwa amegusa kitu.

Mfumo ulikuwa wa zahanati: mgonjwa anajiandikisha kwa simu, anapangiwa zamu. Aliyeuandika walimwita Haraka, wala hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Kazi ya wiki tatu aliiahidi kwa siku tano, kisha akaingia mtandaoni kutafuta fremuweki, ile mifupa ya programu iliyotengenezwa na wengine ambayo wewe unaivisha nyama tu. Akaokota moja nyepesi, ya bure, isiyojulikana mwenyewe. Ukurasa wa masharti ulipofunguka, alibonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Mnacheka? Na nyinyi hubonyeza hivyo hivyo. Halafu, kwa uvivu uleule, badala ya kubuni majina ya majaribio aliandika ya watu wake: jirani, mjomba, shangazi, mama mkwe, mkewe, na bintiye wa miaka saba.

Lililotoweka lilikuwa la jirani. Saa nne mkewe akapiga simu kusema jirani amefia usingizini. Haraka alisikitika, akarudi kazini. Jumatano likatoka la mjomba, na mjomba akaanguka akinyoa ndevu, hakuinuka. Siku hiyo ofisi ilinuka nywele zinazoungua, na kompyuta ya Haraka, mwenyewe akiwa amesimama dirishani, ikasikika ikibonyezwa: mara tatu, kimya, mara moja.

Alhamisi mchana foleni ilijipanga upya mbele ya macho yake, shangazi akarudishwa nyuma, mama mkwe na mkewe wakarudishwa nyuma, na jina la bintiye likapanda mpaka juu kabisa, akalifuta likarudi, akalifuta tena likarudi kwa herufi kubwa zaidi, na simu ikaita, mkewe akilia kwamba mtoto ameanguka darasani na anahema kwa shida na hamtambui hata mama yake, na wakati wote huo zile herufi za kibodi zilikuwa zinabonyea zenyewe chini ya vidole vyake, mara tatu, kimya, mara moja, za moto.

Akamkimbilia Bi Mkaguzi, mwanamke ambaye kazi yote ya ofisi ilipaswa kupita kwake kabla ya kutoka, na ambaye Haraka alikuwa amemzunguka. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama yule alivaa miwani, akafungua masharti, akayasoma taratibu hadi mstari wa arobaini: *Kila jina litakaloandikwa humu ni mgeni wangu. Nitampokea kwa zamu yake.*

"Ulikubali," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusoma."

"Najua. Tangu uajiriwe hujawahi kusoma kitu."

Meneja alikuja akifoka kwamba uzinduzi ni kesho na fremuweki haitolewi. Bi Mkaguzi aliketi kwenye kompyuta ya Haraka. Aling'oa faili moja baada ya jingine, kila mstari akiusoma kwa sauti kabla ya kuufuta, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ilivyozidi, taa zikafifia, meneja akatoka mbio mikono puani, na kitu kikaanza kuhema chini ya meza kwa pumzi fupi fupi za mtoto. Haraka alimsihi aache. Hakuacha. Alipofuta mstari wa mwisho, pumzi zilikatika.

Simu ikaita. Mtoto ameamka, mkewe alisema, na anaomba chakula. Haraka aliketi sakafuni akalia bila aibu.

Jioni alimkuta bintiye mezani akila. Akamkumbatia, akaificha sura yake kwenye nywele za mtoto, na nywele zilinuka kuungua.

"Baba, nilikuwa kwenye foleni," mtoto alimwambia. "Wa mbele yangu walikuwa jirani na babu mjomba. Halafu foleni ikaanza kubomoka, yule mtu anayetupokea akaniambia kama nataka kurudi nyumbani, twende wote. Akanisomea maneno mengi."

"Ukamjibu nini, mwanangu?"

Mtoto aliweka kijiko chini. Kidole chake kikagonga meza mara tatu, kikatulia, kikagonga mara moja.

"Sikuyasikiliza, yalikuwa marefu," alisema. "Nikamwambia nakubali."