Kelele Mara Nne

Mlango wa lifti ulipofunguka ghorofa ya sitini na moja, Gosbert Mhagama alimkumbatia mwanamke ambaye hakuwa amemfikiria hata mara moja kwa miaka thelathini. Alimwita kwa jina la utani, akamuuliza hali ya goti lake, akampa pole ya mama mkwe aliyefariki mwezi wa nne, kisha akamkumbusha siku walipomwaga pamoja sufuria la uji bwenini. Mwanamke akatokwa na machozi. Gosbert naye yakamlengalenga. Yote hayo, jina, goti, mama mkwe na uji, Gosbert alikuwa ameambiwa sikioni sekunde mbili zilizopita.

Kilichomwambia kiliitwa kinong'onezi. Kilikuwa kidude kidogo kama punje ya uwele, kinachokaa ndani ya sikio. Kikishaona sura ya mtu kupitia miwani au kifungo cha shati, kiliuliza Ghala la Kumbukumbu, jumba lisilo na madirisha lililochimbwa chini ya vilima vya Dodoma, ambamo kila karatasi iliyowahi kuandikwa nchini, kuanzia hati za viwanja mpaka madaftari ya shule, ilikuwa imesomwa na mashine. Kisha kikanong'ona: huyu ni fulani, mlifanya hivi, mwambie vile. Watu walikisifu kwamba kimemaliza aibu ya kusahau. Ni kweli kilikuwa kimeimaliza. Kilikuwa kimemaliza na maswali, maana nani atauliza jambo ambalo ameshajibiwa?

Basi ndivyo Kidato cha Nne B wa Sekondari ya Kilimatano walivyokutana, watu thelathini na wawili, wakirushiana mapenzi ya kunong'onezwa kama kasuku waliofugwa nyumba moja. Kila mmoja alikuwa amefanikiwa. Kila mmoja alishangaa mwenzake alivyofanikiwa. Mmoja alikuwa na shamba la zabibu kwenye kituo cha angani, na alilitaja mara tatu kabla hajakaa. Roboti wahudumu walipita na sinia za sambusa na bakuli za karanga za kukaanga, na hakuna aliyekula, maana ukila utasema saa ngapi?

Wa mwisho kutoka kwenye lifti alikuwa Mwamvita Chilongani.

Alikuwa mama lishe wa Majengo, mwenye supu ambayo watu waliipangia foleni tangu alfajiri, na nyumba isiyopungua watu kumi hata siku ya mvua. Kinong'onezi chake alikitumbukiza kwenye sufuria la utumbo mwaka ule ule vilipotoka, makusudi kabisa. Alisema hawezi kuhadithiwa mambo ya watu na punje, wakati yeye ndiye huwa anayahadithia.

Gosbert akamgeukia na mikono wazi. Ghafla macho yake yakaelea kidogo, kama ya mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mikono ikashuka. Mkono mmoja ukaenda kufunika saa yake ya dhahabu.

"Karibu," akasema, na kupisha.

"Asante, Goso Mabuyu," Mwamvita akamjibu. "Saa yako sina haja nayo. Hata ile ya ukutani kwangu ni mzigo."

Alikuwa anajua vizuri kilichonong'onwa. Alikijua tangu Jumamosi iliyopita, washenga walipokuja kumposa binti yake, Mwajabu. Walikuwa wamekaa vizuri, chai imemiminwa, vitumbua vinatoa moshi, na shangazi wa bwana harusi, bibi mzito wa masikio, alikuwa amefungulia kinong'onezi chake sauti mpaka mwisho. Sebule nzima ikasikia: "Mwamvita Chilongani. Kelele mara nne. Na ni mwizi." Washenga wakaangaliana. Chai ikaachwa ikapoa. Walisema wangerudi baada ya siku nane, yaani kesho, Jumapili, kutoa neno la mwisho, na kila mtu Majengo alijua neno hilo litakuwa lipi. Mwajabu hakulia. Alikunja mkeka tu, taratibu, kama anayekunja nguo za marehemu.

Mwamvita akaenda Ghalani. Akaonyeshwa ukurasa wenyewe: daftari la wapiga kelele la Kidato cha Nne B, mwandiko wa duara duara, jina lake na alama nne pembeni, na neno moja chini yake. Karani, roboti mwenye adabu kuliko watu wengi, alimweleza kanuni. Neno lililoingia Ghalani halifutwi na aliyeandikwa. Hufutwa na aliyeandika tu, kwa sauti ya kinywa chake.

Na aliyeandika alikuwa amekaa meza ya mbele, amezungukwa na watu kama keki ya harusi.

Dafrosa Kiwia alikuwa kiranja wa darasa wakati ule. Mwalimu akitoka tu, yeye husimama mbele na daftari, na kuanza kuandika majina ya wanaoongea. Ukiendelea kuongea unaongezewa alama. Sasa alikuwa Mhandisi Mkuu wa Ghala la Kumbukumbu. Kuna watu hawabadilishi kazi, hubadilishiwa daftari.

"Mwamvita," Dafrosa akasema kabla hajasalimiwa, macho yakielea. Tabasamu lake likasinyaa. "Tulisoma wote."

"Umeona eh? Shikamoo sikupi, tuko rika moja. Nimekuja kwa jambo moja, shoga. Kuna neno uliniandika. Lifute."

Dafrosa akalisikiliza neno hilo sikioni, akatikisa kichwa kwa huruma ya ofisini.

"Mama, hatuwezi kwenda hivyo. Ghala halina chuki na mtu. Linahifadhi kilichoandikwa. Nikifuta moja kwa sababu tumesoma wote, kesho watakuja laki moja wamepanga foleni. Halafu, samahani, kama liliandikwa, si kulikuwa na sababu?"

"Ilikuwepo. Itaje."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mwandiko wako. Niambie niliiba nini."

Macho ya Dafrosa yakaelea tena, yakangoja. Kinong'onezi kilikuwa na neno, hakikuwa na zaidi. Watu wakaanza kusogea; hata mwenye zabibu za angani aliacha kuzitaja.

Mwamvita akawatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye mvi zilizopakwa rangi, masikio yamewasimama kama ya sungura. Akahisi dharau ikimpanda kooni, tamu kabisa. Miaka yote hii aliogopa kuwa wanamkumbuka vibaya. Kumbe hawamkumbuki kabisa.

"Tufanye hivi, Mhandisi," akasema. "Toa hicho kipunje. Kiweke hapa mezani. Halafu nitajie watu watatu tu wa meza hii. Ukiweza, naondoka na wizi wangu, na supu nitawaletea bure."

Wakacheka. Dafrosa naye akacheka, maana ni nani ashindwe kuwataja rafiki zake? Akainamisha kichwa, akakitoa, akakiweka kwenye kitambaa cheupe. Akamgeukia mwanamke aliyekaa kushoto kwake, aliyemshika mkono tangu saa nane.

Akafungua mdomo. Ukabaki wazi.

"Wewe ni..." akasema. "Tulikuwa... Subiri."

Mwanamke wa kushoto akautoa mkono wake. Dafrosa akamtazama wa kulia. Akamtazama Gosbert. Sura zilikuwa sura tu, kama za watu wa benki. Alikuwa amekivaa kidude kile kwa miaka kumi na mmoja bila kukivua hata kulala, kwa fahari, na mahali pa kukumbukia palikuwa pameota nyasi.

"Huyo ni Benadeta," Mwamvita akasema, bila haraka. "Mlilala kitanda kimoja cha deka, wewe juu yeye chini, na ulipougua malaria ndiye aliyekubeba mpaka zahanati. Huyu ni Goso Mabuyu, alikuwa anauza mabuyu darasani na akikosa wateja anakula mwenyewe, kwa hiyo mdomo ulikuwa mwekundu muhula mzima. Yule pale anayejificha nyuma ya roboti alimwandikia barua mwalimu wa Jiografia, na barua ikasomwa mstarini. Niendelee? Mimi mmbea wa mtaa, Mhandisi. Nina ghala kubwa kuliko lako, na langu lina madirisha."

Mtu wa nyuma ya roboti akainama zaidi.

"Mimi niliiba nini?" Dafrosa akauliza kwa sauti ndogo. "Yaani... wewe uliiba nini?"

Mwamvita akavuta bakuli la roboti, akachota karanga, akazimwaga mezani karibu na kile kipunje.

"Hizi. Ulikuwa unakuja nazo mfukoni mwa sweta, na darasa zima tulikuwa tunakuchomolea. Siku hiyo nilikuigiza unavyotembea, watu wakacheka, ukakasirika. Ukanipa kelele mara nne. Hukuridhika, ukaongeza na mwizi. Mwalimu alisoma, akacheka mpaka akashika meza, akang'oa karatasi tupu ya mbele akafungia andazi. Daftari likatupwa kabatini. Sote tulijua ni la kitoto. Mashine yako ndiyo haikujua, kwa sababu hakuna mtu aliyeandika pembeni kwamba mwalimu alicheka."

Akalisukuma bakuli kando. Alipoendelea, utani ulikuwa umemtoka.

"Kesho washenga wa binti yangu wanarudi. Mtoto ana miaka ishirini na nne. Kwa ajili ya konzi ya karanga, Dafrosa."

Dafrosa alitazama karanga muda mrefu. Alichukua moja, akaitafuna, akangoja. Wote waliona alichokuwa anangojea, na wote waliona hakikuja. Hakukumbuka sweta wala darasa. Mwishowe akakichukua kipunje, akakileta mdomoni badala ya sikioni, na kusema wazi, "Mimi Dafrosa Kiwia, niliyeandika. Nafuta mstari wake wote."

Hakuna kengele iliyolia. Mle ukumbini, masikio thelathini na moja yalipata kimya kwa pamoja.

Gosbert ndiye wa kwanza aliyesogea, maana watu wa aina yake hupenda kuwa wa kwanza kwenye upande ulioshinda. Akamjia Mwamvita mikono wazi, macho yakaelea, yakangoja. Akagonga sikio kwa kidole. Akagonga tena. Ghalani hapakuwa na kitu kingine chochote juu ya Mwamvita Chilongani. Hakuwahi kushika cheo wala kuandikwa gazetini, na madaftari yake ya shule aliyafungia vitumbua zamani. Mstari ule wenye neno la uongo ulikuwa kumbukumbu yake yote.

Akasimama na mikono yake wazi kama anayepima kitambaa.

"Samahani," akasema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida, kama mtu anayejaribu viatu vya zamani. "Dada... hebu niambie. Habari zako tangu tumalize shule?"

Mwamvita alimtazama. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amesikia mtu wa mjini akiuliza hivyo. Akaifikiria kesho, sebule, chai, yule shangazi mzito wa masikio akigonga sikio lake na kusikia kimya. Atalazimika kuuliza, bibi wa watu. Na akiuliza, hatatoka kabla ya adhuhuri.

"Vuta kiti, Goso," akasema. "Na uwe umekula. Ni ndefu."

Viti vikaanza kuburutwa. Watu wakabanana. Wengine, kwa aibu, walikuwa wakivichomoa vidude vyao na kuvitia mifukoni kama wanaoficha vijiti vya meno. Dafrosa alibaki mahali pake, kipunje kiganjani, wala hakukirudisha. Alingoja kelele zipungue. Hazikupungua, kwa hiyo akamvuta Mwamvita mkono wa gauni.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nilikuwaje?"

Mwamvita alilitazama lile swali. Sasa yeye ndiye alikuwa na daftari. Angeweza kuandika chochote, na Dafrosa mwenyewe asingejua kubisha.

"Ulikuwa na karanga," akasema.

"Nilikuwa nagawa?"

"Wapi! Tulikuwa tunachukua."