Mkanda wa Mama Mkwe

Nokia ililia mara moja, ikanyamaza. Ikalia tena.

"Kitendawili," ilisema sauti ya kike.

"Tega," alijibu Leonard.

"Kuku wangu anaelea juu ya maji. Leo kuna mtu anataka kumwatamisha yai lisilo lake."

"Meli. Na bomu."

"Umepata. Ungeshindwa ungenipa mji, na mji wenyewe leo una watu ndani. Shika mlango, mwanangu. Asipite mtu hujampekua."

Simu ikakatika.

Sauti hiyo ilikuwa ya Bibi Hansa, Mzanzibari, mkuu wa majasusi wa Tanzania jijini London. Mtaa mzima wa Thornton Heath ulimjua kwa sambusa zake. Hayo mengine hawakuyajua.

Leonard, jasusi wake, alikuwa mlangoni mwa meli tayari. Koti la mlinzi. Kifaa cha kupekulia mkononi. Bastola ya Beretta kwapani. Waya wa redio sikioni, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Ilikuwa Jumapili ya Desemba, mwaka 2001. Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka arobaini ya uhuru, na Watanzania wa London walikuwa wanafungua makumbusho yao. Makumbusho yenyewe ni meli, Matumaini, iliyofungwa kando ya mto Thames, pale Woolwich. Si meli ya kale hasa. Ni nakala, imeundwa upya ubao kwa ubao kwa mfano wa meli ya mvuke iliyowaleta wazee kuja kudai uhuru. Ndani picha, sanamu za nta, bendera ya kwanza. Bado inanukia rangi.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Madini. Na waziri huyo ndiye aliyekamata ndege ya dhahabu ya magendo ya mtu mmoja aitwaye Delport.

Delport hakusahau.

Watu walipanda wakitetemeka kwa baridi, khanga juu ya majaketi.

"Nyoosha mikono, mzee."

"Hata mimi? Nilipiga kura ya kwanza ya nchi yetu."

"Ndiyo maana nakulinda, mzee. Nyoosha."

Mzee akanyoosha, akacheka. Akapita.

Wakaja akina mama wa kwaya kutoka Thamesmead. Wa kwanza, kifaa kimya. Wa pili, kimya.

Wa tatu alivaa koti la kijani, kitenge kichwani.

Mkono wa Leonard ukashuka wenyewe.

Alikuwa Mama Generosa, mama mzazi wa Lilian, mkewe. Alikuja kutoka Tabora mwezi uliopita kumwona mjukuu. Na kwao Leonard mtu hamgusi mama mkwe. Hali naye. Hamtazami machoni, hata jina lake halitamki. Katika ile nyumba ndogo ya Thamesmead, mama alikula sebuleni, Leonard akala jikoni kasimama, na chumvi ikitakiwa ilitumwa mtu.

Leonard aligeuka, akautazama mto.

Mama naye akavuta kitenge usoni, akapita harakaharaka, ubavu ubavu, kwa adabu zote.

Kifaa hakikulia. Kingelia vipi, na kilikuwa kimeelekezwa majini?

Haikupita muda, redio ikakwaruza.

"Leonard. Tumemkamata mtu wa Delport. Mzigo umeshapita mlangoni kwako."

"Haiwezekani."

"Ni mkanda wa kupasha kiuno joto. Kamfunga mama mmoja kituo cha basi, ati anamwonea huruma na baridi. Nani hujampekua?"

Leonard akageuka kutazama ndani ya meli.

"Nani, mwanangu?"

"Mmoja tu."

"Jina?"

"Siwezi kulitaja."

"Umelisahau?"

"Nalijua. Ni mama yake mke wangu."



"Sisi kwetu mama mkwe ni mama," alisema Bibi Hansa taratibu. "Tunakula naye sahani moja."

"Kwetu siyo hivyo, bibi."

"Basi leo hamia kwetu. Waziri yupo njiani. Siwezi kumgeuza, wala siwezi kuwashusha watu. Delport yupo karibu, anaangalia. Akiona tumeshtuka atabonyeza palepale. Utoe huo mkanda kimyakimya, kabla waziri hajapanda."

Uso wa Leonard uliwaka mpaka masikioni. Haikuwa hofu. Hofu aliijua, ilikuwa kama jirani yake. Hii ilikuwa aibu. Watu wote wale walikuwa wanacheka humo ndani kwa sababu walimwamini yeye, naye aligeukia mto.

Nokia ikalia.

"Bwana Leonard, mama hajambo?" Kiswahili kilikuwa cha Mwanza, cha mtu aliyenunua dhahabu huko miaka na miaka. "Nilikuchagulia mtu mmoja tu London hii ambaye usingethubutu kumpekua. Namngoja waziri; akishuka mtu hata mmoja kabla yake, nabonyeza. Haya, mshike basi. Mbele za watu."

Delport akacheka, akakata.

Leonard aliingia melini.

Ukumbi wa kwanza, picha za mikutano ya zamani. Koti la kijani lilikuwa mbele ya picha ya akina mama waliobeba mabango. Mama akageuka, akamwona mkwewe. Kitenge juu. Akatokea mlango wa pili.

Leonard akaongeza mwendo.

Mama naye akaongeza.

Ukumbi wa mitambo. Mama akazunguka bomba la mvuke, Leonard akazunguka. Alivyozidi kumfuata ndivyo mama alivyozidi kumpisha. Leonard aliwahi kumkimbiza jambazi juu ya mapaa ya Marseille akamtia mkononi. Mama huyu mwenye magoti mabovu alimshinda.

"Waziri kafika Woolwich," ilisema redio.

Mwisho wa ujia palikuwa na chumba cha wazee wadai uhuru. Sanamu tano za nta zimezunguka meza. Mlango mmoja tu. Mama aliingia, akaona hakuna pa kutokea, akajificha nyuma ya sanamu ya mzee mwenye kanzu na koti.

Leonard alisimama nje, mgongo kwenye mlango. Kwao, ukiwa na neno la lazima kwa mkwe, unamwambia mtu wa tatu. Mtu wa tatu hakuwepo.

"Mzee," aliiambia sanamu, "nisalimie mama."

Sauti ndogo ikajibu: "Mzee, mwambie baba nimeitika. Na mwambie anipishe mlango, naona haya."

"Mzee, mwambie mama hata mimi naona haya. Lakini ule mkanda aliofungwa kituoni una baruti."

"Mzee, muulize, huu wa joto?"

"Huohuo."

"Ndiyo maana nangoja joto silioni."

"Mwambie aufungue, auache mezani, atoke."

Koti likachakarika. Mama akahema, akaguna. Koti likachakarika tena.

"Mzee, mwambie baba kishikizo ni cha chuma, kimegoma. Na vidole vyangu vimekufa ganzi tangu nilipofika nchi hii."

"Waziri anashuka garini," ilisema redio. "Leonard?"

Leonard alifumba macho. Aliliona jambo lenyewe lote, na akaona litakavyosimuliwa Tabora.

"Mzee," alisema. "Mwambie mama naingia."

Juu, kwaya ilianza kuimba. Akina mama walikuwa wanacheka katikati ya wimbo.

"Mwambie aingie," alisema mama. "Wenzangu wapo juu."

Leonard aliingia akiikazia macho sanamu. Akapiga magoti. Koti. Sweta. Sweta lingine. Kitenge. Mkono wake uligusa kiuno cha mama mkwe, na kama ardhi ingekuwepo chini ya meli ile angeiomba impokee. Mama alikuwa anasali Salamu Maria, haraka, bila kituo.

Taa nyekundu ndogo chini ya vidole. Leatherman, koleo lenye kisu, mfukoni. Kisu kikatoka. Kikakata.

Mkanda mkononi.

Akarukia dirisha la duara, akavuta. Halikufunguka. Nakala. Dirisha la maonyesho tu, limepigwa misumari.

"Waziri kakanyaga ngazi."

Leonard alichomoa Beretta, akapiga kioo kwa kitako. Mara mbili. Mkanda ukaruka nje, ukazama.

Mto ukanguruma.

Maji yakapanda kama nguzo, yakaanguka. Meli ikayumba, sanamu moja ikalalia meza. Juu watu wakapiga makofi. Walidhani ni fataki za uhuru.

Ng'ambo ya barabara BMW ya kijivu ikawashwa kwa pupa. Haikwenda popote. Gari la sambusa lilikuwa limeegeshwa mbele yake, pua kwa pua, na wanaume wawili wa Bibi Hansa walikuwa wameshafungua milango.

"Delport nimemkalia," ilisema redio.

Leonard alikuwa ukutani, amempa mama mgongo. Mama naye alikuwa anajifunga kitenge, pole pole, kwa vidole vyake vilivyokufa ganzi.

"Mzee," alisema mama mwishowe. Akatafuta maneno. "Mwambie baba humu tulikuwa mimi na wewe tu. Mwingine sikumwona."

Akatoka ubavu ubavu, kitenge usoni.

Leonard alibaki na wale wazee watano. Alitaka kusema asante. Hakujua amtume nani.

Nje, Bibi Hansa alimngoja chini ya mwavuli, ananukia bizari.

"Waziri anakuuliza. Kuna nishani, mwanangu."

"Mpe mwingine."

"Nani mwingine? Bomu umelitoa wewe."

"Watauliza lilikuwa wapi, na nililitoaje."

Bibi Hansa akausogeza mwavuli, akampisha.

Leonard alipandisha kola, akawasha sigara, akatembea kwenye manyunyu bila haraka, kama mtu aliyekuja kutazama meli tu. Akaingia kwenye feri ya kuvuka mto.

Nyumbani kwake, Thamesmead, kulikuwa upande huohuo aliouacha, na ndiko mama alikokuwa anarudi.