Klachi ya Lori la Mzee Kagwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ciru alikuwa na kazi aliyoionea fahari. Wasichana wenzake pale Kibomet walichota maji na kufagia uwanja. Yeye alikagua lori. Aliangalia maji ya rejeta, akapima oili ya injini, kisha akafungua kifuniko kidogo mbele ya kiti cha dereva na kuchungulia kikopo cha mafuta ya klachi. Lori lenyewe lilikuwa limezeeka. Lilibeba mahindi tangu Ciru hajazaliwa, na mita yake ya kilomita ilikuwa imekwama zamani, nadhani kwa kuchoka kuhesabu.

Kazi hiyo alifundishwa na Mukhisa, dereva wa babake, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi kwao miaka tisa. Ciru alimwita Anko, ingawa hawakuwa na undugu wowote.

Mwezi wa Aprili, mvua ilipoanza kunyesha mfululizo, Ciru aliona mafuta katika kile kikopo yameshuka. Aliongeza mafuta ya breki, kwani ndiyo yanayotumika pia kwenye klachi, akaenda zake. Baada ya siku mbili yakashuka tena, akaongeza tena. Hakumwambia mtu. Alijidanganya kwamba maswali yangemchelewesha shule. Kisha chupa ikaisha. Duka la vipuri lilikuwa mbali na njia ilikuwa tope tupu, lakini pale stoo kulikuwa na mtungi wa mafuta ya usukani, mekundu na safi. Mafuta ni mafuta tu, Ciru akawaza, akajaza kikopo mpaka juu.

Jumamosi iliyofuata walipakia magunia kwenda Bungoma. Mukhisa alishika usukani, mzee Kagwe, babake Ciru, akakaa mlangoni, na Ciru katikati. Walipokaribia mji, gia zikaanza kukataa kuingia. Mukhisa alikanyaga klachi mara nyingi, na kila alipojaribu gia zilisaga kwa kelele ya kutisha. Mwishowe alizima injini, akaingiza gia ya kwanza, akaliwasha lori likiwa ndani ya gia. Likajivuta kwa mishtuko hadi gereji ya Nabwile, mama mmoja aliyesifika kwa kutengeneza malori.

Mzee Kagwe alishuka amefura kwa hasira. Mnunuzi alikuwa akiyangoja mahindi kabla ya saa sita, turubai lilikuwa na matundu, na mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi.

"Ni huyu," akasema, akimwonyesha Mukhisa kwa kidole. "Anaendesha akiwa amepumzisha mguu juu ya klachi. Amechoma pleti ya klachi. Shusha giaboksi, mama."

"Mzee, mimi siweki mguu hapo," Mukhisa akajibu kwa upole.

"Ngojeni kwanza, bana," Nabwile akasema. "Kushusha giaboksi ni kazi ya siku mbili. Si tuulize gari lenyewe? Huko milimani liliunguruma likikataa kusonga?"

"Hapana. Lilipanda vizuri," Mukhisa akasema.

"Basi pleti haijaungua."

Nabwile alijaribu gia injini ikiwa imezimwa. Zote ziliingia bila shida. Akawasha injini, na zikasaga tena. Alizima, akatandika gunia kwenye tope, akalala chini ya lori. "Kanyaga. Achilia. Kanyaga tena," akamwagiza Mukhisa. Chuma kinachosukuma klachi kilisogea kidogo tu, kama unene wa ukucha.

"Mguu unakanyaga, lakini nguvu haifiki huku chini," akasema alipotoka. Alichovya kidole kwenye kikopo, akanusa, kisha akaifungua pampu iliyo chini yake. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kulainika kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye chai. "Nani aliweka mafuta ya usukani hapa? Haya huharibu mipira ya klachi."

Matone ya kwanza ya mvua yaliangukia turubai. Ciru aliinama, akajifanya kutazama tope kwenye viatu vyake. Mukhisa alimtazama, kisha akainamisha kichwa.

"Labda ni mimi, mzee. Nitakuwa nilichanganya."

"Miaka tisa, na bado hujui mafuta ya klachi?" Kagwe akafoka. "Nipe ufunguo. Kazi yako imeisha."

Hivyo ndivyo Mukhisa alivyomwaga unga wake. Alichukua koti na mfuko wake wa nguo, akaanza kutembea kwenye mvua. Ciru alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Aliogopa kuaibishwa na babake mbele za watu. Atasema baba akishapoa, alijiambia. Mukhisa akatoka langoni.

Nabwile alibadilisha mipira ya pampu zote mbili, ile ya kwenye kikopo na ile ya chini inayosukuma klachi, akasafisha mabomba, akatia mafuta yanayofaa. Ilibaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba. "Njoo unikanyagie klachi, msichana," akamwita Ciru. Ciru akapanda, akakaa kwenye kiti cha Mukhisa.

"Pampu ya huku chini imekuwa ikivuja kwa siku nyingi," Nabwile akasema akiwa chini ya lori. "Sijui mbona dereva hakuona mafuta yakishuka. Na kama angeyatia haya kwenye kikopo cha breki, saa hii mngekuwa mochari."

Ciru aliachilia klachi, akaangua kilio. "Si yeye. Ni mimi."

Mzee Kagwe hakumpiga wala hakumgombeza. Alipanda juu ya lori, akafunua turubai. Mahindi yalikuwa yamelowa. Klachi ilipokamilika walimfikia mnunuzi, naye akatumbukiza mkono kwenye gunia moja, akatikisa kichwa, akaondoka. Kisha Kagwe akaliendesha lori mwenyewe hadi nyumbani kwa Mukhisa, upande wa Chwele. Walimkuta ameketi chini ya upenu, akichambua maharagwe.

"Nilikukosea, Mukhisa," Kagwe akasema kabla ya kuketi. "Nilikufukuza bila kuuliza."

Ciru alieleza yote huku akilia. Mukhisa alimsikiliza hadi mwisho.

"Yalikuwa yakishuka kwa siku ngapi?"

"Siku kumi na moja, Anko."

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningebadilisha mpira mmoja mdogo, na leo mahindi yangekuwa yameuzwa. Tunakagua gari ili tujue linapoumwa. Wewe ulilijaza mafuta ukaficha ugonjwa, nao ukazidi. Kosa ni hivyo hivyo, msichana wangu. Ukilifunika leo, kesho litakuwa kubwa zaidi, na huenda likamwangukia mtu asiye na hatia."

"Nisamehe, Anko."

"Nimekusamehe. Na Jumatatu nitarudi kazini, kama mzee anataka."

"Nataka," Kagwe akasema kwa sauti ya chini.

Ciru alijifuta machozi. "Lakini ulijua ni mimi. Kwa nini ulisema ni wewe?"

Mukhisa aliyasukuma maharagwe kando.

"Nilitaka useme mwenyewe. Nilitembea polepole mpaka langoni, Ciru. Nilidhani utaniita."