Madumu Nyuma ya Jiko

Gari lilitumbukia korongoni kabla Mjomba hajapata hata nafasi ya kukanyaga breki. Tangu saa nne asubuhi dhoruba ya mchanga ilikuwa imeifuta barabara, naye akawa anaendesha kwa kubahatisha, pua karibu iguse kioo. Kikasikika kishindo, kisha chuma kikalia na rejeta ikapasuka. Vumbi lilipotulia, yeye na binti, mpwa wake, walikuwa wamelala ubavu, na mguu wa Mjomba ulikuwa umechanika kuanzia gotini hadi karibu na kifundo.

Binti alirarua mtandio wake akaukaza juu ya jeraha. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa dukani, damu haikumtisha. Kilichomtisha ni maneno yaliyofuata.

"Fungua dumu moja, mpwa wangu. Koo limekuwa msasa."

"Hayapo, Mjomba."

"Hayapo vipi?"

"Labda yamedondoka."

Hayakudondoka. Yalikuwa nyumbani, nyuma ya jiko, yote manne. Bibi yake, mama wa huyu Mjomba, alivuka jangwa hili miaka thelathini na lori la chumvi, hadi wanaume wa barabarani wakamwita Bibi Gia. Alipostaafu akanunua gari hili, na halikuwahi kutoka uani bila madumu manne ya njano kuning'inia ubavuni. Juzi, walipokuwa wakijiandaa kumpeleka kuzikwa kwao, ng'ambo ya jangwa, binti aliyafungua kamba mwenyewe. Wenzake wa dukani wangekuwa kwenye msafara, na hakutaka waone gari la wauza maji. Mjomba hakukagua. Tangu azaliwe, hakuwahi kukagua kama mama yake kabeba maji.

Sasa wawili hao walikuwa wanarudi peke yao, simu hazishiki mtandao, na maji yao yote ni nusu chupa.

"Kinga hayo yanayovuja kwenye rejeta," Mjomba alisema.

"Yana dawa ya kupozea injini. Ni sumu."

"Basi tutakufa kisomi." Alicheka, akakunja uso kwa maumivu. "Mama angesema hakuzaa dereva, alizaa abiria."

Walijibanza kwenye kivuli cha gari. Kila saa binti alimpa Mjomba kifuniko kimoja cha maji. Cha kwake alikigusisha tu midomoni. Hakustahili zaidi. Asubuhi ya pili chupa ilikuwa tupu, na Mjomba, mwili ukimchemka kwa homa, alikuwa akimwita mama yake amletee kikombe.

Binti aliziba masikio. Kisha akaona haya hata kwa hilo, akayazibua.

Aliwaza kutembea. Upande gani? Bibi alimsimulia jangwa hili mara mia, yeye akiitikia "ehe, Bibi" huku akibonyeza simu. Alijaribu kukumbuka jinsi ya kusoma nyota, akaambulia patupu. Kitu pekee kilichombakia ni kile kilichowahi kumchekesha: Bibi akichoma tairi ili aonekane, tairi likalipuka, nyusi zikaondoka zote mbili. "Toa upepo kwanza, mjukuu wangu. Mimi nilirudi nyumbani kama yai."

Alifungua tairi la akiba, akatoa upepo, akalibingirisha hadi ukingoni mwa korongo, kucha zikivunjika. Alilowesha tambara kwa dizeli, akawasha. Moshi mweusi ulipanda wima.

Jua lilikuwa utosini katapila la wakarabati wa barabara lilipotokea. Dereva wake, mzee mwenye mvi za vumbi, aliwanywesha kidogo kidogo. Kisha akalitazama gari.

"Hili si la Bibi Gia? Gari la Bibi Gia likose maji?"

"Madumu yalidondoka, kaka," Mjomba alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Alimaanisha alivyosema, aliamini. Uongo ungeweza kuishia hapo, kwa ulaini kabisa.

"Hayakudondoka," binti alisema. "Niliyafungua mimi. Niliona aibu kuonekana nayo."

Dereva aliinamisha kichwa, akajifanya anakaza kamba. Mjomba alimwangalia mpwa wake, kisha akageuza uso. Wakapakiwa kupelekwa zahanati. Katapila liliruka kila shimo, na binti aliupakata mguu ule uliofungwa, ameukumbatia kwa mikono miwili usigonge chuma. Mjomba hakuuondoa.