Mkataba wa Ndola

Soko la Kasulu lilifurika asubuhi ile Evaline alipogombea kitenge cha manjano, kipande cha mwisho, na mwanaume mrefu aliyekuwa akichechemea.

"Mwakeye, dada," alimsalimu kwa Kiha. "Mimi ndiye niliyekishika kwanza."

"Utakivaa?"

"Namnunulia mama, yuko Kibondo."

"Basi tukikate. Mama apate, na mimi nipate."

Mwanaume akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. Ndipo Evaline, mwalimu wa hesabu, alipomtambua: Castory Ndayikunda, mshambuliaji aliyevunjika goti, sasa kocha huko Ndola, Zambia. Alikuwa amekuja likizo.

Wiki tatu za likizo ziliyeyuka wakiwa pamoja. Baadaye zikabaki simu.

"Mpenzi, tumeshinda mbili bila!"

"Na mimi Kidato cha Pili wamenifunga tatu."

"Subiri nije nikufundishe kukaba."

Aliahidi kwamba msimu ukiisha angerudi Kibondo moja kwa moja, afundishe vijana wa kwao. Evaline akamwambia hata baba yake, kule Nyakitonto.

Mwezi wa tano, akisahihisha madaftari ofisini, redio ikatangaza: kocha Ndayikunda ameongeza mkataba wa miaka mitatu. Kalamu ikamtoka mkononi. Castory alipiga simu mara tisa, Evaline hakupokea. Akamwandikia neno moja, "Hongera," kisha akaizuia namba yake.

Siku ya nne, wanafunzi walijazana dirishani. "Kocha! Kocha!" Castory alikuwa amesimama uwanjani, suti ya michezo imejaa vumbi la safari, macho mekundu. Evaline akatoka kumfuata.

"Ligi iliisha Jumamosi, nikapanda basi," alisema. "Nilitaka uyasikie kwangu. Viongozi wa timu wakatangaza mapema."

"Redio hainiumi, Castory. Ulisaini bila kuniuliza."

Akainamisha kichwa. "Kweli. Goti liliponiangusha, nilijua mpira umeshaniacha. Waliposema nibaki, nikasaini kama mtu mwenye njaa. Nimekukosea."

Evaline hakuwahi kumwona akikosa utani. Hasira ikaanza kumwisha.

"Sasa unataka nini?"

"Nikuoe. Ukiikataa Ndola, navunja mkataba kesho."

"Usiuvunje!" Moyo ulimwenda mbio. "Lakini Kidato cha Nne wangu wana mtihani Novemba, siwaachi. Desemba nitaomba likizo bila malipo, nije niione hiyo Ndola. Na siku nyingine unaniuliza kwanza."

"Nimesikia, mama. Na kuhusu ndoa?"

"Nenda Nyakitonto ukamwone baba. Mwambie mimi nimekubali."

Castory akaruka juu, licha ya goti lake bovu, akipiga kelele kama amefunga goli la fainali. Dirishani darasa zima likamjibu.