Pale Mwalimu Anapogeuka Kushoto

Mkono ulianguka sakafuni mbele ya lifti, na mama mmoja akapiga yowe lililosimamisha jengo zima.

Ulikuwa mkono wa mtu mzima, una kucha, una mishipa, umekatwa juu kidogo ya kiwiko. Asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa umefurika: wateja wa benki, watu wa bima, wenye meno mabovu wanaopanda kliniki ya ghorofa ya pili. Kila mmoja alitaka kukimbia na hakuna aliyejua aelekee wapi.

"Ni wa plastiki, jamani! Wa kufundishia!" dada mmoja alipaza sauti, huku akiinama kuuokota. Alivaa gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama wima, na viatu vyeupe vya chini. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Samahani sana, dada," alisema kijana aliyekuwa nyuma yake. Alibeba begi zito, na begani alikuwa na stendi ya kamera yenye miguu mitatu. Mmoja wa miguu hiyo ulikuwa bado umenasa kwenye mpini wa mfuko wa yule dada, ulimotoka mkono. "Hakuumia?"

"Nani?"

"Mwenye mkono."

Dada hakutaka kucheka. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, na alikuwa amechelewa. Lakini kicheko kikamtoka, na kijana yule akakipokea kama mtu aliyepewa zawadi. Wapo wanaoanza mapenzi kwa maua, lakini hawa wawili walianza kwa kiungo cha mwili.

Ndani ya lifti waligundua kwamba wote wanashuka ghorofa ya sita, kwenye chuo cha uuguzi. Yule dada ndiye mwalimu mpya wa mafunzo ya vitendo. Kijana ndiye fundi wa video wa chuo, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya Fundi.

Mkuu wa idara aliwapokea akiwa amefunga tai kana kwamba anaenda kushtakiwa. Wanafunzi walikuwa wengi, chumba cha mazoezi kilikuwa kidogo, na mkono wa plastiki ulikuwa mmoja tu, huo huo. Mwalimu akionyesha jinsi ya kuweka dripu, wa mbele huona sindano na wa nyuma huona migongo ya wenzao. Mwalimu alipendekeza somo lirekodiwe na kuwekwa kwenye mtandao wa chuo, kila mtu alitazame kwa simu saa anayotaka, arudie anapokwama, halafu darasani wafanye mazoezi tu.

"Video ni za harusi," Mkuu alisema. "Lakini nakupa mwaka huu wa majaribio. Wakianguka mtihani wa vitendo, wewe na video zako mtashuka kwa lifti mliyopandia."

Basi tangu siku hiyo Mwalimu aliishi roho juu. Ajira hiyo aliisubiri miaka, akilala kwenye kochi la dada yake mkubwa, na alijua kibarua kikiota nyasi atarudi kwenye kochi lile lile.

Siku ya kurekodi, mikono ilimtetemeka. Fundi aliisimamisha kamera mbele ya kitanda, kisha yeye akaketi kichwani pa kitanda, pale mto unapokaa, ameshika taa.

"Siwezi, Fundi. Hiyo kamera inanitolea macho."

"Achana nayo. Ukitetemeka, nitazame mimi, vuta pumzi, halafu endelea. Mimi siumi."

Ikawa hivyo. Alivaa glavu, akafunga mpira juu ya kiwiko cha mkono wa plastiki, akapapasa mshipa, akasafisha kwa pamba yenye spiriti. Kabla ya sindano akageuka kushoto, akamtazama Fundi, akavuta pumzi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akatabasamu kidogo, na mkono ukatulia.

Aliiona video hiyo mara moja tu, akafunika uso kwa viganja. "Pale ninapogeuka, kata! Yaani hata kipofu ataona ninavyokuangalia."

"Unaniangaliaje?"

"Kata, Fundi!"

"Nimekata, mpenzi," alimwambia siku mbili baadaye. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, na Mwalimu akasahau kabisa kuuliza habari za video. Hakuitazama tena, maana sauti yake mwenyewe ilimkera.

Mapenzi yakakolea. Simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, Mwalimu wangu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakufa njaa, laazizi."

Dada yake, akisikia haya kutoka jikoni, hugonga sufuria kwa mwiko. "Wengine humu tunasikia kichefuchefu!"

Lakini hata akicheka, Mwalimu hakuwa na amani. Darasani wanafunzi walifanya vizuri mno, haraka mno, na kila walipokaribia kuchoma walimgeukia yeye, aliyezoea kusimama kichwani pa kitanda. Alidhani wanaomba ruhusa. Akawaitikia kwa kichwa, wao wakaendelea.

Mtihani ukafika. Mtahini kutoka nje ya chuo alikuwa mama mnene, mwenye sauti ndogo na kanga begani, asiyependa kupotezewa muda. Mkono wa plastiki uliwekwa juu ya meza, katikati ya chumba, na walimu wakaambiwa wasimame nyuma.

Mwanafunzi wa kwanza akavaa glavu, akafunga mpira, akapapasa, akasafisha. Kisha akageuka kushoto, ambako palikuwa na ukuta na mtungi wa kuzimia moto. Akautazama mtungi. Akavuta pumzi. Akautabasamia, halafu akachoma.

Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu naye.

"Subiri," mtahini alisema. "Mbona mnauchekea mtungi wa moto?"

"Ni hatua ya tano, mama."

"Hatua ya tano ni kuingiza sindano."

"Kwenye video, kabla ya hapo unageuka kushoto, unavuta pumzi, unatabasamu kidogo. Tumerudia mara nyingi sana, hata nyumbani."

"Kidogo kiasi gani?"

Mwanafunzi akamwonyesha. Lilikuwa tabasamu la mwanamke anayependa, limenakiliwa sawasawa mpaka pembe za mdomo. Nyuma, mtu akashindwa kuzuia kicheko. Mkuu wa idara akaangalia tai yake.

"Wamekariri," mtahini alisema, akafunga kalamu. "Kesho asubuhi wodini, mbele ya wagonjwa wa kweli. Na huyo aliyepiga video aje pia, nina maswali naye."

Mwalimu alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi, hakuweza kusubiri lifti.

"Uliniambia umekata!"

Akashuka ngazi mbili mbili.

"Fundi, darasa zima linaijua sura niliyokutazama nayo wewe peke yako. Wanaifanya kwenye mtihani! Ulikuwa unajionyesha kwao?"

"Hapana, mpenzi, si hivyo."

"Basi kwa nini?"

Hapo angesema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini ni neno gumu kwa mwanamume kulisema mbele ya nesi, naye akalimeza. Mwalimu akakichukua kimya hicho kuwa ndiyo jibu.

"Usinipigie tena," alisema, akakata simu.

Fundi alipiga hata hivyo. Simu ililia mezani jioni nzima.

"Ipokee au uitupe," dada yake alisema. "Kijana wa watu kakosa nini hasa?"

"Kanidanganya, dada. Na kesho nafukuzwa kazi kwa ajili ya macho yangu."

"Macho yako yanasemaje?"

Mwalimu akajifunika kanga mpaka usoni. Alikuwa akimpenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kazi.

Asubuhi, wodini, mtahini alikuwa amekwisha kuzungumza na wagonjwa waliotakiwa kuwekewa dripu na waliokubali kuhudumiwa na wanafunzi. Fundi alisimama karibu na mlango, shati lake la mistari likiwa limekunjamana, macho mekundu. Mwalimu akampa kisogo.

Mwanafunzi wa kwanza alipewa mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya sindano zilizokosea. Mzee alikuwa ameshaukaza mkono na kufumba macho. Binti akavaa glavu, akafunga mpira, akapapasa, akasafisha. Mwalimu akauma mdomo. Usigeuke, alimwomba kimoyomoyo, tafadhali mwanangu, usigeuke.

Akageuka kushoto.

Kushoto hapakuwa na mtungi wa moto. Palikuwa na mto, na juu ya mto uso wa mzee. Binti akamtazama, akavuta pumzi. Mzee akafumbua macho, naye akavuta pumzi. Binti akatabasamu kidogo. Mzee akashangaa, akatabasamu pia, na mkono wake ukalegea juu ya shuka. Sindano ikaingia mara moja.

"Tayari?" mzee aliuliza. "Leo mmenichoma au mmeniamkia?"

Kabla mtahini hajasema neno, pakasikika kishindo mlangoni. Fundi alikuwa chini, amelala kifudifudi kama gunia.

Mwalimu alifika kabla ya wote. Alimgeuza, akamfungua kola, akamnyanyua miguu, na Fundi alipofumbua macho, aliona uso ule ule aliouona siku ile akiwa ameketi kichwani pa kitanda.

"Umekula?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekula. Ni ile sindano."

"Sindano gani?"

"Yoyote. Naziogopa tangu utotoni. Kukata pale unapogeuka, ilibidi nitazame ikiingia, pole pole, picha baada ya picha. Nilijaribu mara mbili, nikatapikia kikapu cha karatasi."

"Sasa si ungesema!"

"Kwa nesi? Ungenicheka."

Na kweli Mwalimu alianza kucheka, huku machozi yakimdondokea Fundi kifuani. "Ni hilo tu?"

"Si hilo tu. Hata ningeweza kukata, roho ingeniuma. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile."

"Mkishamaliza," sauti ndogo ilisema juu yao, "nina wanafunzi wengine." Mtahini alikuwa akimtazama Fundi, kisha Mwalimu, kisha Fundi tena, na alikuwa mama mwenye akili za kutosha. "Wewe ndiye uliyeketi pale kushoto? Haya. Mwalimu, rekodi upya, na safari hii atazamwe mgonjwa, si fundi. Hatua hiyo ibaki."

Mchana matokeo yalibandikwa, wanafunzi wamefaulu, na Mkuu wa idara akamwita Mwalimu kumpa barua ya ajira ya kudumu. Alisema bado anaamini video ni za harusi.

Wiki iliyofuata walirekodi upya. Alihitajika mtu wa kulala kitandani, na Fundi akasema atalala yeye.

"Utaanguka."

"Nimeshalala. Nitaangukia wapi?"

Kamera ilisimama peke yake mbele ya kitanda. Mwalimu alivaa glavu, akafunga mpira, akapapasa, akasafisha. Mkono wa Fundi ulikuwa baridi, na jasho lilimjaa juu ya mdomo. Mwalimu akageuka kushoto.

"Nitazame mimi," alimwambia. "Usiitazame sindano. Vuta pumzi."

Fundi akavuta pumzi. "Tuoane," alisema.

"Usitikisike."

"Nimekuuliza jambo."

"Umeniamuru, hukuniuliza." Sindano ikaingia; Fundi hakuhisi. "Ndiyo. Sasa fumbua ngumi."

Kukata walikata pamoja, wamebanana kwenye kiti kimoja, Fundi akitazama sindano mwanzo hadi mwisho bila kufumba macho, ameushika mkono wa Mwalimu mpaka ukafa ganzi.

Muhula mpya ulipoanza, mwanafunzi mmoja aliinua mkono darasani.

"Mwalimu, kwenye video, mgonjwa anavuta pumzi, halafu picha inaruka. Tumerudia mara nyingi. Pale kati kuna hatua gani tumeikosa?"

Mwalimu alizungusha pete chini ya glavu.

"Hiyo haimo kwenye mtihani," alisema. "Endeleeni."